Dawati la Mama Karibu-Ukae

Makao Makuu, ghorofa ya tano
4 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi kwako na kwa hao wanangu wawili. Barua hii naipitisha kwenye mfuko wa benki unaozunguka matawini kila wiki. Simu zangu unazipokea ukiwa na mteja mbele yako, unaniambia "baadaye shemeji," na hiyo baadaye yako haijawahi kufika. Barua angalau itakungoja umalize.

Nimehamishwa. Sasa niko kitengo cha ubunifu, na usicheke. Tuko wanne, tuna ubao mweupe na viti vya rangi rangi, na kila asubuhi Mkurugenzi anapita kuuliza tumebuni nini tangu jana. Kazi yangu ni kukusanya ujuzi wa wafanyakazi. Mkurugenzi ameona kwamba watu wa benki hii wanajua mambo mengi, wakistaafu wanaondoka nayo, basi kila Ijumaa mmoja anasimama mbele ya wenzake, wa matawini wakiangalia kwenye skrini, aeleze anachokijua yeye ambacho wengine hawakijui. Tunaiita Ijumaa ya Ujuzi. Sheria ni moja. Lazima umalize kwa sentensi inayoanza na "Faida kwa benki ni," na ndani yake kuwe na namba. Bila sentensi hiyo Mkurugenzi hapigi makofi, na asipopiga yeye hapigi mtu.

Mpaka sasa nimesikiliza jinsi ya kupanga mafaili na jinsi ya kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Hali ni mbaya, shemeji, ndiyo maana nakuandikia. Matawi mengine yanalia kila siku kwa wateja kuibiwa na matapeli wa simu. Tawi lenu kimya. Meneja wako anasema ni dawati lako, ila unafanyaje hajui. Niandikie. Wazo litakaloshinda robo hii ya mwaka, mwenyewe anapewa ajira ya kudumu, na najua ulivyochoka kusaini mkataba mpya kila mwaka kama mpangaji wa chumba.

Wabusu watoto.

Baba mdogo wao


Tawini
12 Machi

Bwana Ubunifu, shemeji yangu,

Watoto wazima. Mkubwa amevunja miwani, anaivaa imefungwa plasta na anadai ndivyo anavyopenda. Mdogo kifua kimerudi. Anauliza hivyo viti vya rangi rangi vinabuni nini.

Unauliza nafanyaje. Sifanyi kitu, ndiyo maana imenichukua wiki nzima kukuandikia. Hapa wananiita Mama Karibu-Ukae, wanadhani ni adabu zangu. Ni mtego.

Mtu anayetapeliwa unamjua tangu mlangoni. Simu iko sikioni, au iko mfukoni lakini haijakatwa. Hataki kukaa. Ukimsalimia anajibu mbio mbio, halafu anaangalia pembeni kana kwamba kuna mtu wa tatu anayesikiliza, na kweli yupo. Ameambiwa mwanawe amekamatwa, au ameshinda gari, au kuna uchunguzi wa siri na watu wa benki ndio wezi wenyewe. Sasa ukimwambia unatapeliwa, alishaambiwa kwamba utasema hivyo hivyo. Atakukasirikia na ataenda tawi lingine.

Basi mimi simwambii. Namwambia karibu ukae, kisha namuuliza. Pesa hii ni ya nini? Nani amekwambia uitoe? Umemjua lini? Amekukataza kusema? Ukichelewa kidogo kitaharibika nini? Ni maswali matano, lakini nisikilize hapa, shemeji: maswali si kitu. Ningeweza hata kumuuliza habari za mbuzi. Ninachofanya ni kumchelewesha. Kalamu inaishiwa wino, naenda kutafuta nyingine. Narudi nimesahau fomu. Namletea maji. Tapeli ana haraka, ana wengine wa kuwapigia, anaanza kumfokea mteja wangu sikioni, na mtu mzima akifokewa na mtu asiyemjua huanza kujiuliza. Mara nyingi simu inakatika yenyewe. Hapo mteja analia, nami nalia naye kidogo, na foleni nyuma inanung'unika kwamba mama huyu ni mzembe. Meneja amenipa onyo mara mbili kwa uzembe. Hilo hakukwambia, eti?

Sijui kama ni jambo la kusimama nalo mbele za watu. Linafanya kazi kwa sababu matapeli hawalijui. Ukilitangaza kwenye skrini za matawi yote, nani atalinda mdomo? Halafu mimi sisafiri na mtoto anakohoa. Lakini hiyo ajira ya kudumu, shemeji. Tangu kaka yako atutoke sijaumaliza mwezi wa Desemba hata mmoja bila kuwaza kama mkataba utarudi. Ukiona linafaa, lisimamie wewe kwa niaba yangu. Nakuamini.

Shemeji yako,
Mzembe mwenye maonyo mawili


Makao Makuu
22 Machi

Shemeji,

Tumeua. Naandika kwa furaha, hata chakula cha mchana sijala.

Nilisimama leo, nikasema ujuzi huu si wangu, ni wa mke wa marehemu kaka yangu, nikakutaja na tawi lako. Maswali matano niliyaweka kwenye skrini kwa herufi kubwa. Habari za kalamu na maji niliziacha. Mkurugenzi ametoka kutangaza kwamba huu ni mwaka wa kasi, na neno kuchelewesha lingetuzamisha kabla hatujaanza. Nilisema "kumsaidia mteja kutafakari."

Mwishoni alinikazia macho akaniambia, "Na faida?" Sikuwa nimeiandaa. Nilidhani kuzuia wizi kunatosha, lakini yeye alitaka namba. Nikaitunga pale pale, na nadhani niliitunga vizuri maana alisimama. Shemeji, Mkurugenzi hajawahi kupiga makofi akiwa amesimama. Sentensi yenyewe haina maana sana, ni mambo ya makao makuu.

Washindi watatangazwa mwisho wa mwezi. Mwambie mkubwa miwani yake nainunua mimi.

Baba mdogo


Tawini
3 Aprili

Shemeji yangu mmoja,

Nimeshinda, au tumeshinda, sijui niseme vipi. Meneja alikusanya watu wote mlangoni kabla hatujafungua, akasoma barua, akanikumbatia. Yule yule wa maonyo. Mlinzi alipiga mluzi mpaka watu wa barabarani wakasimama. Wamenipa cheti chenye fremu, keki, na picha nimepigwa nimeshika vyote viwili, uso umetoka kama wa mtu anayetaka kupiga chafya.

Juzi walikuja vijana wawili kutoka kwenu na kinasa sauti. Waliniweka kwenye chumba cha kuhifadhia mafaili, mlango ukafungwa, nikasoma maswali yangu matano mara nyingi mpaka koo likakauka. Mmoja alitaka niyasome kwa upole kama ninavyoongea na wateja wenyewe. Nikamwambia basi nikalishie mteja mmoja hapa mbele yangu. Alicheka, akasema hakuna haja. Wanasema sauti ni ya kufundishia wenzangu wa matawi mengine. Wamepima na dawati langu, urefu na upana, na umbali wake kutoka kwenye soketi ya umeme. Nadhani wananiletea jipya. Hili droo yake ya chini haifungi tangu niingie.

Nimeshawaambia watoto kwamba mama sasa ni wa kudumu. Najua ningesubiri karatasi, lakini mdogo aliniuliza kama mwaka huu tena tutahesabu Desemba, na mdomo ukanitoka. Wamefurahi, shemeji. Mkubwa amejifanya hajali, halafu nikamsikia anamwimbia mwenzake huko chumbani.

Asante. Kaka yako angekuwepo angejigamba mtaa mzima.

Mama Karibu-Ukae


Makao Makuu
11 Aprili

Shemeji,

Nimekutumia miwani ndani ya bahasha ngumu, mwambie asiikalie.

Kuhusu ajira ya kudumu, bado iko kwenye mchakato. Idara ya rasilimali watu wana utaratibu wao. Usikope kitu chochote kwa kuitegemea. Na kuhusu dawati, usisafishe droo wala usihamishe chochote mpaka nikwambie.

Kuna jambo nataka tuongee kwa simu. Jumamosi nitapiga, tafadhali pokea. Si kubwa. Ni heri tu ulisikie kwangu.

Baba mdogo


Tawini
25 Aprili

Shemeji,

Jumamosi nilikuwa zahanati na mdogo, simu niliiacha nyumbani. Barua yako imenifikia Jumatatu hii, mashine ikiwa imetangulia asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Walikuja na gari kubwa. Dawati wamelitoa, wameliegemeza ukutani nje karibu na jenereta, na pale nilipokuwa nakaa wamesimamisha mashine ya kimo cha mtu. Ukiigusa inasema "Karibu," na sauti ni yangu. Wenzangu walicheka kwanza, halafu mmoja mmoja wakaacha kucheka. Meneja akaniita ofisini. Mkataba wangu unakatishwa mwisho wa Mei bila kungoja Desemba, na hautarudiwa. Nikamwonyesha barua ya ushindi. Akaniambia ajira ya kudumu ni zawadi kwa mfanyakazi, na kuanzia Juni mimi sitakuwa mfanyakazi. Alisema akiangalia meza, na sikumwona kama mtu mbaya.

Nikamuuliza nani amepanga haya. Hakutaka kusema. Nilimganda mpaka akasema, maana siku ile alikuwa kwenye skrini kama mameneja wote, na anaikumbuka sentensi neno kwa neno. "Faida kwa benki ni kupungua kwa mtumishi mmoja katika kila tawi."

Basi najua. Huna haja ya kunieleza. Najua ulisimama pale, macho yote kwako, ukatafuta namba ya kuniokoa, ukaiokota iliyo karibu. Hukuwaza kwamba huyo mtumishi mmoja ni mtu. Sikuiti mwongo. Lakini nina hasira, shemeji, na sina pa kuiweka, kwa sababu nikikukosa wewe watoto hawana baba mdogo.

Wananipigia simu akina mama wa madawati ya matawi mengine, wengine sijawahi kuwaona sura. Jana mmoja ameniuliza tu, "Ndiye wewe?" Nikamwambia ndiye mimi. Akakata.

Nenda kwa Mkurugenzi. Mwambie ulikosea sentensi, itengue. Wewe unaingia ofisini kwake, mimi hapa nina mashine tu, haina hata mlango nikaugonga. Nenda, tafadhali.

Shemeji yako


Makao Makuu
10 Mei

Shemeji,

Nilikwenda. Alinikaribisha vizuri, akaagiza chai, akaniuliza hali yako, akikuita kwa jina la tawi lako. Nikamwambia nilikosea, faida ile niliitunga, naifuta. Akasema wazo likishatolewa Ijumaa ni mali ya benki, na mashine zimeshanunuliwa za nchi nzima. Ila kwa kuwa yeye ni mtu wa kusikiliza, nikiamini madawati yarudi nisimame Ijumaa kama mtu mwingine yeyote, nieleze, nimalize kwa sentensi.

Shemeji, nimeitafuta sentensi hiyo kwa kila njia. Nilikwenda kitengo cha takwimu kuomba idadi ya watu uliowazuia wasiibiwe. Hawana. Walioibiwa wanakuja kuripoti, wanaandikwa. Ambaye hakuibiwa anakunywa maji, anapangusa macho, anakwenda nyumbani. Hakuna aliyemwandika, hata wewe hukumwandika.

Nimesimama leo. Nimeeleza yote, na kalamu, na maji, na kuchelewesha nimelitaja kwa jina lake. Wengine walikuwa wanatikisa kichwa kunikubali. Nilipofika "Faida kwa benki ni," nikakwama. Mkurugenzi akasubiri kwa heshima, halafu akanishukuru, akamwita anayefuata, binti wa mikopo mwenye ujuzi wa kufupisha barua pepe.

Neno "nisamehe" halinitoshi kuandika, lakini ndilo nililonalo.

Baba mdogo wao


Nyumbani
19 Juni

Shemeji,

Barua hii nimempa mlinzi anitumbukizie kwenye mfuko wa benki, ndiye pekee aliyebaki anayenifanyia hivyo.

Naosha nguo za watu watatu wa mtaa huu na jioni nafundisha watoto wa jirani hesabu. Tunakula. Sikuandikii kwa ajili hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda tawini kuchukua barua yangu ya utumishi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja, namsubiri Meneja, akaingia mkunga. Humjui. Ni mama mstaafu, ndiye aliyenizalisha huyu mdogo, mtaa mzima umepitia mikononi mwake. Aliingia simu ikiwa sikioni. Hakunisalimia, yeye anayesalimia hata paka. Nikajua.

Alisimama mbele ya mashine. Mashine ikasema kwa sauti yangu, "Karibu. Pesa hii ni ya nini?" Mkunga akatulia, akawa anasikiliza simu, kisha akabonyeza. "Nani amekwambia uitoe?" Akasikiliza, akabonyeza. Yule wa upande wa pili alikuwa anamtajia majibu mapema, nilimwona mkunga akiinua kidole kabla hata swali halijaisha. Wanayajua, shemeji. Wanayajua yote matano kwa mpangilio wake.

Nikainuka. Nilimfikia swali la tatu. Nikamshika mkono nikamwambia, mama, njoo ukae na mimi kidogo. Akaniangalia, akaiangalia mashine, akachanganyikiwa. Akaniambia, "Wewe si ndiye unayeniuliza? Nimeshakujibu, mwanangu, niache nimalize."

Nikatafuta cha kumchelewesha. Hakuna kalamu pale. Hakuna fomu. Nilisema nimletee maji, na mimi si wa pale tena, sijui hata glasi sasa zinawekwa wapi. Mlinzi akaja, akanishika bega taratibu, akasema amri ni kwamba mteja akiwa kwenye mashine mwenzake asimkaribie. Alisema hivyo akiwa karibu kulia, maana naye alizaliwa mikononi mwa mama huyo. Nyuma yangu nikajisikia mwenyewe nikiuliza kwa upole, ukichelewa kidogo kitaharibika nini. Mkunga akabonyeza. Mashine ikamshukuru.

Alipotoka alinipungia mkono.

Pesa ilikuwa ya kiinua mgongo chake, yote. Nilikwenda kwa Meneja naye akapiga simu huku na huku, lakini ilikuwa imekwisha kupita akaunti tatu. Alifungua kumbukumbu za mashine mbele yangu akanionyesha. Imeandikwa, "Mteja amejibu maswali yote kikamilifu." Naogopa, shemeji. Kila nikisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya nyumba nikiwaita watoto, naogopa.

Mwambie huyo bwana wako. Sijui kwa sentensi gani, lakini mwambie.

Shemeji yako


Makao Makuu
1 Julai

Shemeji,

Nimemwambia. Nilimsomea barua yako nzima nikiwa nimesimama, na sehemu ya mkunga nikairudia mara mbili. Mkurugenzi alivua miwani. Alisema ni jambo la kusikitisha sana.

Halafu akasema, kwa kuwa mteja alijibu yote na kuthibitisha mwenyewe, benki haidaiwi kitu. Faili limefungwa. Lakini amejifunza jambo, na amelitangaza kwenye kikao kama ugunduzi: matapeli wameshayajua maswali, hivyo maswali yabadilishwe. Anataka mapya matano, kwa sauti ile ile, maana wateja wameizoea na wanaiamini.

Unaalikwa Alhamisi ya tarehe kumi na nane. Nauli na chakula cha mchana juu ya benki, na posho ya siku moja. Nimeagizwa nikuandikie mimi kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Nilitaka kukataa, nikaona watampa mwingine akuandikie kwa barua ya ofisi. Ukisema hapana nitaelewa. Ukisema ndiyo nitaelewa pia. Naona aibu hata kuuliza.

Baba mdogo wao


Nyumbani
8 Julai

Shemeji,

Nitakuja. Nauli waitume kabla, sina ya kutanguliza. Posho nitamnunulia mdogo dawa ya kifua, ile ya zahanati haimsaidii tena. Maswali nitayatunga ndani ya basi, si kazi. Mwisho wa mwezi wezi watakuwa wameyajua na mtaniita tena, na hiyo labda ndiyo ajira ya kudumu.

Usinisindikize mpaka kwenye chumba cha kurekodi. Nisubiri chini, mlangoni, ndipo nitakapokuona nikitoka.

Watoto wanajua nimerudishwa kazini siku moja. Wamefurahi na sikuwakatiza.

Mkunga nilikutana naye juzi sokoni. Amekonda. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kwa nini siku ile niliongea naye kwa upole namna ile, swali baada ya swali, halafu nikamwacha akaenda kuibiwa. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. Nilimpokea kikapu, nikambebea mpaka kwake.

Shemeji yako